Ukifika Malaba, inua macho utazame vilima

Msomaji mpendwa, mtajie mkazi wa Nairobi au Mombasa jina la Busia au Malaba, kisha umuulize ni picha gani imemjia akilini. Atakutajia matrela yaliyopanga foleni, wabadilishaji pesa wenye mabunda ya shilingi za Kenya na za Uganda, kina mama wenye mikungu ya ndizi na kreti za mayai, na karani wa uhamiaji anayegonga mhuri. Wengi wetu tumepitia huko usiku ndani ya basi la Kampala. Tulishuka na usingizi machoni, tukapanga mstari, tukagongewa pasi, tukapanda tena. Tulipita tu. Kufika hatukufika.

Jumapili hii nakualika ufike. Nao watoto, hasa wale wa shule za upili wanaosoma historia na jiografia, wasogee karibu. Haya tutakayozungumza si ya mtihani peke yake. Yanahusu uji uliokunywa leo asubuhi na mboga utakayopika jioni.

MLIMA NA MITO YAKE

Simama Malaba mapema, kabla mawingu hayajakusanyika, uelekeze uso kaskazini mashariki. Utauona Mlima Elgon umelala kama ng'ombe aliyeshiba, mpana kuliko unavyodhania. Elgon ni volkano iliyozimika, iliyoanza kutema moto mamilioni ya miaka iliyopita, na kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, kina urefu wa mita 4,321. Kilele hicho kiko upande wa Uganda, lakini miteremko ya mlima haijui mpaka, inateremka kote kote. Ukigeuka magharibi utaliona jabali la Tororo, limesimama peke yake juu ya tambarare kama chungu kilichofunikwa.

Maji yanayoteremka kutoka Elgon ndiyo yaliyolifanya eneo hili kuwa la kilimo. Mto Malaba hutoka huko mlimani, ukapita mpakani, ukaingia Uganda kujiunga na mto Mpologoma unaoelekea Ziwa Kyoga. Mto Sio nao unakata kupitia Busia na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria, karibu na Sio Port. Mito hii miwili hupeana mgongo, mmoja ukienda kaskazini na mwingine kusini, lakini yote miwili mwisho wake ni mmoja: maji yake huishia katika Mto Naili, yakasafiri hadi Misri.

Kati ya mlima na tambarare ndipo vilipo vilima vya Chelelemuk, katika sehemu ya Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia. Ukivitazama kwa mbali hutaona cha ajabu: mawe makubwa ya mviringo, vichaka, mashamba ya mahindi na mihogo, nyumba za mabati. Lakini humo ndimo kilimo kitu ambacho Wakenya wengi hawajawahi kukisikia.

MWAMBA WA KAKAPEL

Kitu hicho ni Kakapel. Ni mwamba mkubwa uliojitokeza mbele na kufanya kivuli, mithili ya baraza la nyumba, ambapo watu wanaweza kukaa mvua isiwanyeshee wala jua lisiwachome. Kwenye ukuta wa mwamba huo kuna michoro iliyotiwa na watu wa kale.

Wasomi walielezwa kwa mapana kuhusu michoro hii mwaka 1977, wakati mwanaakiolojia Mkenya Osaga Odak alipoandika makala juu yake. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakiifahamu siku zote. Baadaye mahali hapo pakatangazwa rasmi na serikali kuwa turathi ya kitaifa, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya.

Watafiti huigawa michoro ya Kakapel katika mitindo mitatu, iliyowekwa mmoja juu ya mwingine. Ule wa kwanza, wa duara na maumbo mengine pamoja na wanyama, unahusishwa na wawindaji wanaofanana na wale tunaowaita Watwa. Wa pili ni wa ng'ombe, na unahusishwa na wafugaji waliofika baadaye. Wa tatu una alama na maumbo yanayodhaniwa kuwa ya mababu wa Wateso, ambao ndio wenyeji wa vilima hivyo hadi leo.

Hebu lifikirie jambo hilo kidogo. Mwindaji alichora akaenda zake. Akaja mfugaji, akakuta michoro ya mwenzake. Hakuifuta, aliongeza ya kwake. Akaja wa tatu akafanya vivyo hivyo. Ukuta mmoja ukawa daftari la watu ambao hawakujuana, hawakusema lugha moja, na huenda hata hawakuabudu kwa namna moja.

Michoro hii ina ndugu zake. Ukivuka mpaka na kwenda Nyero, katika nchi ya Wateso wa Uganda, utakuta duara nyekundu ndani ya duara zimechorwa kwenye miamba. Ukishuka hadi kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Viktoria, utakuta nyingine za ukoo huo huo. Waliochora hawakuwa na Kenya wala Uganda.

MBEGU KATIKA MAJIVU

Michoro ni ya kutazama. Chini yake, ardhini, kulikuwa na hazina nyingine ambayo macho hayawezi kuiona.

Wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa, akiwemo Dkt Emmanuel Ndiema, walichimba sakafu ya Kakapel wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo. Walikuta tabaka juu ya tabaka za udongo, majivu, mifupa na vigae, na tabaka za chini kabisa zilionyesha kwamba watu walikuwa wakitumia mahali hapo miaka ipatayo 9,000 iliyopita.

Sasa kina mama watanielewa vizuri. Unapoosha wimbi kabla ya kuanika, unatia maji, nafaka inazama na makapi yanaelea. Wataalamu wa mimea ya kale hufanya kitu kama hicho. Huchukua udongo na majivu ya meko ya kale, wakautia ndani ya maji. Udongo huzama, na vipande vilivyoungua, kwa kuwa ni vyepesi, huelea juu. Mbegu mbichi ingeoza zamani. Lakini mbegu iliyodondoka motoni ikawa mkaa haiozi. Kwa hivyo yule mama wa kale aliyeunguza chakula chake, pengine akagombwa siku hiyo, ametuachia urithi.

Matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa mwaka 2024 katika jarida moja la Royal Society ya London, mwandishi wa kwanza akiwa Natalie Mueller wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani. Walipata nini? Walipata kunde iliyopimwa umri wake na kukutwa ina miaka 2,300. Kufikia wakati huo, hilo lilikuwa ndilo zao la kulimwa la zamani zaidi kupimwa hivyo katika Afrika Mashariki. Walipata pia mtama, na wimbi kwa mamia ya punje, ambayo yana umri wa angalau miaka 1,000. Wakapata hata njegere iliyoungua ikabaki na umbo lake.

Uzuri wa habari hii umo katika mahali mazao hayo yalikotoka. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi, ndiyo ikasafiri na wakulima waliokuwa wakihama kupitia katikati ya bara. Mtama asili yake ni upande wa Sudan. Wimbi ni mtoto wa nyanda za juu za Afrika Mashariki. Yote yalikutana kwenye meko moja, chini ya mwamba mmoja, pale Teso.

Na si mimea pekee. Mwaka 2020 watafiti walieleza habari za watu watatu waliozikwa Kakapel nyakati tofauti. Mmoja aliishi karibu miaka 3,900 iliyopita, na nasaba yake ilikuwa ya wawindaji, yenye uhusiano na watu wa misitu ya Kongo. Wengine wawili waliishi karibu miaka 900 na 300 iliyopita, na nasaba yao ilikuwa imekwisha kuelekea kwa jamii za Wanailoti kutoka kaskazini. Kaburi liko pale pale lakini ukoo si ule ule. Kila mara kuna aliyefika na kuna aliyempokea.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ukiuliza ni wapi methali hiyo ilitendwa kabla ya kusemwa, naona Kakapel ni mahali pazuri pa kuanzia.

CHUMA CHA SAMIA

Tusiwasahau majirani wa kusini. Ukitoka mji wa Busia na kuelekea Funyula utaviona vilima vya Samia, ambavyo mawe yake yana madini ya chuma. Wasamia waliyajua mawe hayo kabla ya mkoloni kufika. Waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo kwa mkaa na mivukuto, wakafua majembe na mikuki. Majembe ya Samia yalikuwa na soko kwa Waluo, kwa jamii nyingine za Waluhya na kwa watu wa ng'ambo ya mpaka wa leo. Jembe lilikuwa mali. Mtu aliweza kulitoa hata katika mahari.

Kwa hivyo anayedhani biashara ya mpakani ilianza na vitenge na simu, amechelewa sana. Mbegu zilipita hapa, ng'ombe wakapita, majembe yakapita.

MPAKA NI WA JUZI

Je, wajua kwamba hadi mwaka 1902 eneo hili halikuwa mpakani? Wakati huo Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulifika hadi Naivasha. Aprili mwaka huo, Waingereza waliuhamisha mkoa huo na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Mito Sio, Malaba na Lwakhakha, ambayo watu walikuwa wakichota maji kwa pande zote mbili, ikawa sehemu ya mpaka.

Wateso wakajikuta wamegawanywa. Jamii hii, yenye undugu na Wakaramojong na Waturkana, ilikuwa imesambaa kutoka Uganda hadi vilima vya Chelelemuk na Amukura katika karne ya 18 na ya 19. Asubuhi moja, shangazi akawa raia wa nchi moja na mpwa wake wa nchi nyingine. Wasamia pia walikatwa vipande viwili. Hata hivyo watu waliendelea kuoana, kuzikana na kualikana. Hadi leo mazishi Malaba huweza kuwa na waombolezaji wengi kutoka Tororo kuliko kutoka Bungoma, na ukimuuliza mzee wa Kiteso habari za kiongozi wa kitamaduni wa jamii yake, Emorimor, atakuelekeza Soroti, nchini Uganda.

Mpaka nao ukazaa utamaduni wake. Neno unalolitamka kila siku mjini, boda boda, lilizaliwa huku. Kati ya lango la Kenya na lango la Uganda palikuwa na kipande cha njia ambacho magari ya abiria hayakuruhusiwa kupita. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki: wakawa wanamchukua msafiri na mizigo yake kutoka boda hadi boda. Leo pikipiki zimejaa kutoka Kigali hadi Lamu, na wengi wanaozipanda hawajui kwamba jina lao ni la Busia na Malaba.

Mambo yamebadilika. Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu upande anaoingilia. Hilo ni jema kwa biashara. Lakini kadiri tunavyopita haraka ndivyo tunavyozidi kutoona.

KINACHOPOTEA

Sasa tuzungumze ukweli, msomaji. Mwamba wa Kakapel umevumilia mvua na jua kwa maelfu ya miaka, lakini haujui kujikinga na mtu mwenye kipande cha mkaa au kopo la rangi. Wapo wageni waliofika pale wakaandika majina yao juu ya michoro. Yule mfugaji wa kale aliyekuta michoro ya mwindaji aliiheshimu. Mwanafunzi wa leo, mwenye vitabu na mwalimu, anaona ni lazima dunia ijue kwamba alipita hapo mwezi wa Agosti na mpenzi wake.

Vilima vyenyewe vinapunguka miti. Kwa miaka mingi tumbaku iliyolimwa sehemu hizi ilihitaji kuni za kukaushia, na mkaa ukawa biashara ya kuwalipia watoto karo. Simlaumu mzazi aliyekata mti ili mwanawe asifukuzwe shule. Lakini kilima kikiwa uchi, udongo huteremka na maji, na historia iliyo ndani ya udongo huteremka nao.

Tena kuna upotevu usio na kelele. Mwulize mtoto wa Kiteso aliyezaliwa Umoja au Kayole maana ya ajon. Mzee wake angemwambia kwamba ni pombe ya wimbi inayotiwa maji ya moto ndani ya chungu kimoja, na wazee wakaketi kukizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Si suala la ulevi. Pale ndipo kesi zilipoamuliwa, posa zikajadiliwa, na vijana wakajua nani ni ndugu yao wasije wakamwoa. Mtoto ambaye hanywi pombe, na asinywe, bado anapaswa kujua mazungumzo ya chunguni yalihusu nini. Mwulize pia kuhusu atap, ugali wa wimbi uliochanganywa na mihogo. Huenda akakuambia kwamba ugali ni mweupe na hutoka dukani.

Wimbi lenyewe limesukumwa pembeni na mahindi na miwa. Kulipalilia ni kazi ya mgongo kuinama, na kuvuna ni suke kwa suke. Halafu angalia kinyume cha mambo: mama wa mjini anamzaa mtoto, anaambiwa kliniki ampe uji wenye nguvu, anakwenda dukani kununua unga wa wimbi kwa bei inayomfanya akune kichwa. Chakula ambacho nyanya yake alikilima nyuma ya nyumba amekuwa mteja wake.

Mwacha asili ni mtumwa, walisema wazee. Sikuelewi methali hiyo kuwa inatuamuru turudi kuvaa ngozi. Ninaielewa hivi: asiyejua kilichokuwa chake atauziwa.

KAZI YA NYUMBANI

Basi tufanye nini? Nina mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji kamati.

Kwanza, enda ukaone. Likizo ijayo, badala ya kila mwaka kuwapeleka watoto mahali pale pale pa kuogelea, wapandishe basi la Malaba. Shuka Malaba au Amagoro, uulize njia ya Kakapel. Wahudumu wa pikipiki wanaijua. Beba maji na viatu visivyoteleza, na kama ni msimu wa mvua, ondoka mapema kwa sababu mvua za Magharibi hupenda kunyesha alasiri. Mlipe anayewatembeza. Kijiji kikiona kwamba mwamba unaleta riziki, kitaulinda kuliko askari yeyote.

Pili, tazama kwa macho, si kwa vidole. Jasho la mkono hudhuru rangi, na kumwagia michoro maji ili ionekane vizuri pichani ni kuiua. Walimu mnaoleta wanafunzi, wahesabuni kalamu zao pia.

Tatu, ikiwa unao wazee, chukua kalamu. Muulize nyanya yako ukoo wenu ulitoka wapi, ulivuka mto upi, ulimkuta nani, na aliyekutwa aliwapa nini. Andika tarehe na majina. Wanafunzi mnaosoma mtandaoni habari za Warumi, hebu andikeni kurasa tano kuhusu babu yenu. Mwanaakiolojia anaweza kuchimba kunde, lakini hawezi kuchimba hadithi.

Nne, pika. Jumapili hii, kunde na ugali wa wimbi. Watoto wakinung'unika kwamba ugali ni mweusi, waambie ni mkubwa wao kwa miaka elfu moja.

Tunaishi nyakati ambazo watu wepesi wa hasira hututaka tuulizane nani ni mwenyeji na nani ni mgeni, hasa uchaguzi unapokaribia. Magharibi mwa nchi maneno hayo yamewahi kuleta machozi. Anayetaka kuyasema tena, kwanza asimame mbele ya ule ukuta wa Kakapel na anionyeshe ni mchoro upi wa mwenyeji. Mwindaji alifika, mfugaji akafika, mkulima wa kunde akafika kutoka magharibi, mwenye wimbi na mtama akafika, Mteso akafika. Kila mmoja alileta mbegu mkononi, na kila mmoja alikuta moto umekwisha washwa na mwingine.

Sufuria yako ya leo jioni ni mtoto wa meko hayo. Ukiwa na habari za wazee wako kutoka upande wowote wa mpaka ule, tuandikie kupitia ukurasa huu ili familia nyingine nazo zifaidike. Hadi Jumapili ijayo, mlo mwema.